Kabila la Anti Denise na Jina la Mlinzi

Wino wa mhuri una harufu yake, harufu ya chuma kilicholoana, na mpaka leo siwezi kuisikia bila masikio yangu kupata moto. Iwe benki, iwe ofisi ya serikali ya mtaa, karani akifungua tu kile kikopo chake cha bluu, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyevaa sweta la shule wakati wa likizo, nimesimama mbele ya kaunta ya mbao inayonifika kidevuni. Ulikuwa mwezi wa sita, wakati ambao Arusha yote hukunja mabega kwa baridi. Mlima Meru tulikuwa hatujauona wiki nzima. Mawingu yalikuwa yameushukia mpaka kwenye migomba ya juu ya mtaa wetu wa Kimandolu, na asubuhi kina mama walitoka na vitenge viwili viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani, moshi wa kuni za mvua ukiwafuata mpaka barabarani. Siku tatu za mwezi ule nilizimaliza kwenye kituo kidogo cha polisi, nikitafsiri. Nimeandika habari za watu wengi tangu nilipoanza kuandika, ila hii nimekuwa nikiizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha uani ambacho mama alikipangisha kwa wageni waliokuja kupitia kanisani. Baba alikuwa fundi magari, mama akiuza vitambaa upande wa Daraja Mbili. Wote wawili walitoka Kilimanjaro na Kichaga chao na Kiswahili chao, na Kiingereza kilichoishia kwenye salamu. Kwa sababu hiyo walijinyima wakanipeleka shule ya Kiingereza, nami nikawa mkalimani wa nyumba, kazi niliyoifanya kwa maringo makubwa. Silaha yangu ilikuwa kitabu chenye jalada la kijani, ambacho babu aliachiwa na wamisionari, kimejaa picha na maelezo ya watu wa nchi mbalimbali. Kila jioni nilinakili maneno kutoka kitabu kile kwenye daftari langu. Baba alipenda kuniita mbele ya wageni. "Aikande, njoo. Huyu muulizeni neno lolote," angesema, na mimi ningesimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mgeni wa mwaka ule alikuwa Mmarekani mweusi aliyeitwa Denise, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja kufundisha watoto wadogo katika kituo cha kulelea watoto karibu na kanisa. Mimi nilimwita Anti Denise. Watoto wa mtaani, baada ya kumsikia akiongea, walimwita mzungu mweusi, wakamfuata nyuma wakiimba jina hilo, naye aligeuka akawapungia mkono kwa sababu hakujua wanasema nini. Nami sikumwambia. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kama ishirini tu, aliyoyasoma kwenye kijitabu: habari za asubuhi, maji, asante sana, jina lako nani. Hayo maneno ishirini aliyatumia kwa kila mtu aliyekutana naye, bila kubagua.

Langoni kwetu alikuwapo mlinzi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mkavu, mwenye makovu ya duara kuzunguka macho, amevaa makubazi ya tairi na blanketi la rangi ya udongo, fimbo yake haimtoki mkononi. Kwao ni mbali, upande wa Hanang, wafugaji wale ambao huku kwetu kila mtu aliwaita Mang'ati. Naye tulimwita hivyo hivyo. "Mang'ati, fungua," mama angesema akiwa bado barabarani. "Mang'ati, chai yako hii hapa." Alikuwa amekaa kwetu miaka mitatu. Nilikuwa mtoto niliyefunzwa adabu. Nilimwamkia kila mtu mzima niliyepishana naye, mama muuza maziwa, mwinjilisti, hata mlevi wa jirani. Lakini mlinzi sikumbuki kumpa shikamoo hata siku moja, na hakuna aliyewahi kunikemea kwa hilo.

Asubuhi moja Anti Denise alitoka kwenda kazini. Kabla hajafika hata nguzo ya umeme iliyo mbele ya lango, pikipiki yenye watu wawili ikapita karibu naye, mkono ukanyooshwa, mkoba ukaondoka. Mlinzi alitupa blanketi akawafukuza mpaka barabara kubwa, akarudi anahema, kidole gumba cha mguu kikichuruzika damu, akasema alichokiona: kwenye bamba la nyuma la pikipiki kulikuwa na picha ya tai. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na pasipoti. Na jana yake tu Anti Denise alikuwa amepigiwa simu kutoka kwao. Bibi yake, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa, alikuwa amelazwa, na madaktari walikuwa wamewaambia ndugu wakusanyike. Alihitaji kwenda ubalozini Dar es Salaam akapate hati ya kusafiria, na ili apate hati alihitaji karatasi moja kutoka polisi, yenye mhuri, ya kusema pasipoti imeibwa. Karatasi moja tu. Ilikuwa Jumatano. Ubalozini walimwambia aje Jumatatu asubuhi, na basi pekee lililokuwa bado na nafasi kabla ya hapo lilikuwa la Jumamosi alfajiri. Baba alikuwa gereji, mama dukani. "Nenda naye," mama aliniambia, "si unajua Kiingereza?" Mlinzi naye akaambiwa aje, kwa kuwa ni shahidi.

Siku ya kwanza nilimwamkia askari wa kaunta kwa sauti ya darasani. "Shikamoo, afande." Akaitikia, akamtazama Anti Denise kuanzia kichwani mpaka viatuni. Alikuwa mtu mnene, mwenye skafu ya sufi chini ya sare, si mkali, tena mcheshi, na nadhani ucheshi wake ndio uliotuchosha zaidi. Mlinzi akaambiwa abaki nje kwenye benchi kwa sababu ya fimbo yake. Nikaeleza shida. Askari akamgeukia Anti Denise, akamwambia kwa Kiswahili aeleze mwenyewe.

"Hajui Kiswahili, afande. Ni Mmarekani."

"Mmarekani wa wapi? Mama yangu mimi wa Machame. Hii sura ninaijua, hii sura ya Machame kabisa. Mwambie asituletee sinema."

Anti Denise, alipoona anatazamwa, akajaribu kusaidia. "Jina langu Denise. Asante sana," akasema. Askari akapiga kaunta kwa furaha. "Umeona? Kumbe anakijua. Wakishakaa Ulaya miaka miwili wanarudi hapa wamesahau hata ugali." Akaomba kitambulisho. Nikamwambia kitambulisho ndicho kilichoibwa. Akasema bila kitambulisho hawezi kujua anamwandikia nani, hivyo tulete barua ya mwenye nyumba na barua ya kanisa, na hata hivyo fomu zimekwisha, turudi kesho. Nilipotafsiri, Anti Denise alifumba macho kidogo, kisha akashukuru. Nje, mlinzi akainuka kwenye benchi, akatufuata kwa nyuma, hatua tano, kama kawaida yake.

Alhamisi tulirudi na barua mbili. Fomu zilikuwapo ila umeme ulikatika, na mashine ya kutolea nakala ikawa haifanyi kazi. Tulikaa mpaka saa nane. Umeme uliporudi, askari aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, jina, umri, uraia, kazi, mahali anapoishi, akapeleka karatasi chumba cha ndani kwa mkuu wake. Baada ya robo saa akarudi nayo. "Mkubwa amekataa kusaini. Kuna nafasi iko wazi." Akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Kabila. Mkubwa mwenyewe alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, ana kikao. Kesho.

Watu wa nje huenda wasielewe, lakini kwetu swali lile halina ubaya wowote. Ukienda polisi unaulizwa kabila kama unavyoulizwa umri. Baba angejibu Mchaga, muuza maziwa Mmeru, jirani Mwarusha, kalamu ikasonga mbele. Sikuwahi kumwona mtu akishindwa kulijibu. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi, baridi ikipenya chini ya mlango na wino ukinukia, nilimgeukia Anti Denise nikamuuliza kwa Kiingereza changu safi, kabila lako ni lipi, nikangoja neno moja.

Hakulitoa. Aliweka mikono yake juu ya kaunta, akaongea taratibu ili niweze kumfuata. Alisema nimwambie bwana huyu kwamba hajui. Alisema watu wake walikuwa na makabila, kama sisi, ila walipochukuliwa na kuuzwa hakuna aliyeandika walikotoka, na kwamba bibi yake, huyu aliyelala hospitali sasa, alitafuta mpaka akakata tamaa. Akasema yeye mwenyewe tangu ashuke uwanja wa ndege amekuwa akizitazama nyuso za watu akijiuliza kama ni hawa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamgeukia askari, na maneno yote hayo nikayafupisha.

"Anasema hana."

"Hana? Hata mbuzi ana zizi lake," askari akasema. "Mkubwa anaondoka saa sita, anakwenda msibani Babati mpaka Jumanne. Nafasi ikibaki wazi hasaini. Si tuandike tu lolote la huko kwao? Hao Wamarekani weusi wanaitwaje kwa Kiingereza?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa, nilikimbia. Nililiona jibu mbele yangu kama lilivyokuwa kwenye kitabu cha kijani, chini ya picha ya wanaume wanaochuma pamba, na furaha ya kulijua ikanipanda kooni. Nikalitamka kwa sauti, kwa lafudhi niliyodhani ni ya Kimarekani, nikalitaja na herufi zake moja moja ili asikosee.

"Negro."

Askari akaandika. NEGRO, kwa kalamu ya bluu, akaikaza ile O mara mbili. Niliuona mkono wa Anti Denise ukiondoka kwenye kaunta kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, na hata wakati ule, nikiwa bado sijui nimefanya nini, nilijua kwamba nimefanya jambo.

"Haya, shahidi," askari akaendelea, amefurahi kwamba kazi inakwenda. "Aliyeiona pikipiki. Anaitwa nani?"

"Mang'ati."

"Hilo ni kabila, mtoto. Jina."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni anakojua kuna kitu. Hapakuwa na kitu. Miaka mitatu ya asubuhi na jioni, uji na chai, lango likifunguliwa na kufungwa, na sikuwa na jina lake. Nikasema sijui. Askari akaweka kalamu chini, ucheshi ukamwondoka usoni kwa mara ya kwanza. "Mnalala na mtu getini miaka hamjui jina? Na mkoba unaibwa hapo hapo getini? Huyo basi haanzii kwenye ushahidi. Anaanzia ndani." Akamwita mwenzake aliyekuwa mlangoni, akampa ishara kwa kidevu kuelekea kwenye benchi.

"Gidahoda."

Alikuwa Anti Denise. Hakuwa ameelewa yote, lakini ishara ya kidevu na swali la jina alivielewa, jina likiwa miongoni mwa maneno yake ishirini. Akalirudia kwa uangalifu, akiipa kila silabi nafasi yake, jinsi alivyofundishwa na mwenyewe siku ya kwanza alipofika langoni kwetu. Na kule nje, kwenye benchi, mtu akainuka. Alikuwa amesikia jina lake. Akasimama mlangoni na blanketi lake, fimbo ameiacha chini, akitutazama kwa mshangao ili ajue nani kamwita.

Askari akaangua kicheko. "Jamani. Mgeni wa juzi anajua, mwenye nyumba hajui." Akamwita ndani, akamuuliza habari za picha ya tai, akaandika, akamaliza. Karatasi mbili zililala pale kaunta ubavu kwa ubavu. Anti Denise alikuwa na jina lakini kabila hakuwa nalo, na Gidahoda, kwetu sisi, alikuwa na kabila bila jina, na kwa zote mbili aliyeshika kalamu nilikuwa mimi, ingawa kalamu ilikuwa ya askari.

Saini ya mkubwa ilipokuja na mhuri ukagongwa, Anti Denise akapewa karatasi aweke sahihi yake chini. Aliisoma. Akaniuliza kama inawezekana kuandikwa upya. Nikatafsiri, safari hii bila kupunguza. Askari akatazama saa ya ukutani, akasema fomu zina namba, kuifuta hii ni lazima mkubwa aidhinishe, na mkubwa huyo hapo anawasha gari. Tulimsikia kweli akiwasha. Jumanne, akasema, kama mnataka. Anti Denise alisimama pale muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko siku zote tatu. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya neno lile, akaikunja karatasi mara nne, akaishika kiganjani mpaka nyumbani.

Alasiri hiyo alifua nguo zake kwenye karo la uani, ingawa zisingekauka kwa baridi ile. Nilimwendea, na ninaona aibu zaidi kwa nilichokwenda nacho kuliko kwa chochote nilichokisema kituoni. Sikwenda na msamaha. Nilikwenda na kitabu. Nilifungua ukurasa wenye picha, nikamwonyesha kwa kidole kwamba limeandikwa humu, kwamba sikulitunga. Alikausha mikono kwenye sketi, akausoma ukurasa mzima, akakifunga kitabu taratibu. Akaniambia kwa Kiingereza chepesi kwamba wapo wazee wa kwao waliowahi kulichukua neno lile wakalifanya lao, kwa wakati wao, lakini yeye amelijua kama neno la watu waliosimama upande wa pili wa lango. Bibi yake aliitwa hivyo, na yaliyo mabaya kuliko hilo, na wanawake aliowafulia mashuka miaka ishirini bila wao kumuuliza jina. Akaomba daftari langu. Akaandika kwa mwandiko wake wa ualimu: Black. Chini yake: African American. Akasema lolote kati ya haya ni sawa kwake, na akiulizwa hupenda la kwanza, lakini mwingine atapenda la pili, na mwingine atakuwa na lake. "Utajuaje?" akaniuliza. Nilidhani ni swali la mtihani. "Unamuuliza," akasema. Kisha akageuza kichwa kuelekea langoni. "Na yeye? Anapenda watu wake waitweje?"

Jibu nilikuja kulipata baadaye kutoka kwa mama muuza maziwa, ambaye alikulia kati ya Wamaasai na alijua lugha yao: kwamba Mang'ati ni neno walilopewa na Wamaasai waliopigana nao, na maana yake ni adui. Wenyewe hujiita Wadatoga. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukimwita mtu aliyetulinda adui, tukimpa na chai. Nyani haoni kundule, lakini nyani angalau hajasoma shule ya Kiingereza.

Jumamosi alfajiri nilibeba mfuko mdogo wa Anti Denise mpaka langoni, ambako teksi ilikuwa inangoja na taa zake ndani ya ukungu. Gidahoda alikuwa amesimama mahali pake. Nilikuwa nimejiandaa tangu naamka. Nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa nilivyofunzwa, nikasema, "Shikamoo."

Akageuka akatazama nyuma yake. Alitazama barabara yote, kulia na kushoto, kutafuta ni mzee gani aliyekuwa anapita. Hapakuwa na mtu. Aliponirudishia macho nilikuwa bado nimeinama, naye akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayepokea kitu asichokuwa na hakika ni chake, "Marahaba."

Ile karatasi ilimfikisha. Kadi ilikuja mwezi wa nane, akisema alimkuta bibi yake macho, walikaa pamoja siku kumi na moja. Hakutaja fomu. Chini kabisa aliandika kwa Kiswahili: Msalimie Gidahoda. Lakini Gidahoda alikuwa ameshaondoka, alirudi kwao kwa ajili ya ng'ombe na hakurejea, kwa hiyo salamu ile ninayo mimi, ndani ya kitabu cha kijani, kwenye ukurasa ule ule. Aliyekuja baada yake mama alimwita Mlinzi, na mimi, niliyekuwa nimejifunza, sikumsahihisha.

Siku hizi naishi ghorofani, Sakina, na Mlima Meru nauona dirishani ukiamua kuonekana. Ninaitwa kwenye makongamano kuzungumzia lugha; nimewahi kumsimamisha mtu jukwaani kwa neno alilolitumia juu ya Waafrika wa Marekani, nikampa maelezo marefu, watu wakapiga makofi. Majina ya heshima ya watu walio mbali nayajua yote, na yanapobadilika huwa wa kwanza kuyajua. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka mitano alikuwa anachezea simu yangu, na kwa kuwa ameanza kusoma, alisoma kwa sauti majina niliyohifadhi. Baba. Bibi. Dada Ndeshi. Kisha akafika kwenye herufi ya M, akasoma kwa kituo, akijivunia kila silabi, "Mli-nzi Ge-ti." Akaniuliza kama hilo ndilo jina la yule babu wa chini anayetufungulia.

Nilichukua simu. Nilifungua pale pa kuhariri, nikafuta maneno mawili, na ile nafasi ikabaki wazi, kistari chake cha kuandikia kikiwaka na kuzima. Yule mzee ametufungulia lango miaka minne. Nikamvalisha mwanangu viatu, nikamwambia tushuke chini, kuna kitu tukamuulize babu.

"Tukamuulize nini, mama?"

Tulikuwa tumeshafika ngazi za mwisho, na mzee alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake, akidhani tunataka kutoka, nami nikamwambia mtoto, "Jina lake."